Mgeni wa Bibi Stamena

Baada ya mtindi na mkate wa asubuhi, Bibi Stamena aliiegemeza simu kwenye chupa ya siki akaanza kujibu maswali yake. Tangu alipopasuliwa nyonga, kumbukumbu yake ilikuwa inavuja, na hospitali ilimwekea programu ya kuipima kila siku. Majibu yalikwenda Italia kwa bintiye Iskra, ambaye alikuwa huko akimtunza mama wa watu kwa mshahara. Simu ilimtajia maneno matano, ikamwacha aoshe vyombo, kisha ikamtaka ayarudie. Alikumbuka manne. La tano, mbuzi, lilimtoka kabisa, na mbuzi akaja getini. Stamena alimfungulia akamkamua.

Kesho yake lilimpotea neno pipa, na pipa likabingirika hadi mlangoni. Zikafuata ngazi na tarumbeta, kisha tausi aliyekataa kula mahindi. Katika kijiji hicho cha Wabulgaria, chenye nyumba zilizofungwa nyingi kuliko watu, hiyo ilikuwa raha isiyo kifani. Jirani yake Grozdan, mgane mwenye domo, alihamia pale kila asubuhi na kigoda chake na glasi ya rakia, pombe kali ya matunda.

"Leo sahau trekta, Mama Iskra."

"Trekta silisahau ng'o. Lilimuua mbwa wangu."

Kujisingizia kusahau hakukuleta hata kuku. Ilibidi mtu asahau kwelikweli.

Hapo ndipo moyo wa Stamena uliporuka. Baada ya maneno, simu ilimwonyesha kila siku picha ya Iskra na kumuuliza kama anamjua. Iskra hakuwa amekanyaga nyumbani tangu mazishi ya baba yake, na Stamena hakutaka kitu kingine duniani ila kumwona. Siku hiyohiyo alishusha picha zote ukutani, akafungia vitambaa vya binti yake kabatini.

"Ukimsahau kweli, Mama Iskra, akija utamjuaje?" Grozdan aliuliza.

"Usinitajie jina hilo. Aje kwanza. Tutafahamiana hapahapa."

Alifanya kazi hiyo kwa bidii na furaha ya bibi harusi. Alimtangazia Grozdan juu ya ukuta wa ua kwamba leo amepoteza sauti ya bintiye, leo siku yake ya kuzaliwa, leo meno yake. Jumapili aliamka akiimba, akakanda unga, akaoka banitsa ya jibini kwa ajili ya mgeni ambaye hakuweza tena kusema ni nani.

Alipoitazama picha kwenye simu, mwanamke alikuwa amesimama getini. Alivaa aproni na kushika bakuli la supu linalofuka mvuke. Grozdan alivua kofia, akampisha. Stamena alimkaribisha kwa mikono miwili, akamkatia banitsa pande kubwa, akamuuliza kama mama yake yu hai.

"Yu hai," Iskra alisema, akamtazama usoni. "Hunijui?"

Simu nayo, iliyokuwa bado inangoja, ikauliza vilevile. Stamena hakutaka kumvunja mgeni moyo kwa maneno. Aliinua kidevu na kukishusha taratibu, na kwa Wabulgaria wote hiyo ni hapana. Lakini simu ilitengenezwa mbali, ikahesabu ndiyo. Ikapiga muziki wa pongezi, na ujumbe ukalia katika mfuko wa aproni: mama yako anakumbuka yote. Iskra, aliyekaa Italia mpaka kichwa chake kikazoea kuitikia kama cha Waitaliano, naye alisoma ndiyo. Alicheka huku machozi yakimtoka. Grozdan alifungua mdomo, akaona furaha ya wale wawili, akanywa.

Iskra alikula banitsa yote akiwa amesimama. Akasema bibi wa kule anamngoja na supu inapoa, akambusu Stamena mashavu yote mawili, akatoka kwa geti alilojia.

Stamena alimpungia mkono mpaka alipotoweka, uso umemng'aa.

"Umeona anavyoshika bakuli lile?" alimwambia Grozdan. "Aliye na binti kama huyo hana haja ya simu."