Mtungi wa Mama Nailoni

Friji lilikata roho Jumatatu saa nne asubuhi, bila kuaga. Mama Nailoni alilipiga kofi mara mbili ubavuni, likakaa kimya, naye akampigia simu binti yake kumweleza. Hapo ndipo alipojipalia makaa.

"Na dawa?" binti aliuliza. Alikuwa muuguzi, na kwa kawaida hakuanza na pole.

Dawa yenyewe ni insulini, vichupa vitatu, maana Mama alikuwa na kisukari na alijichoma sindano kila siku.

"Nitaitafutia mahali pa baridi."

"Wapi, Mama? Nyumba bati tupu! Sasa sikiliza. Weka kipimajoto hapo penye dawa, Jumapili nakuja kukisoma mwenyewe. Kikizidi thelathini, unafungasha, tunaenda kwangu. Safari hii sibembelezi."

Mama alibaki amesimama katikati ya sebule. Alikuwa ameishi humo miaka thelathini na mmoja, mumewe alifia chumba cha nyuma, na aliipenda nyumba ile kuliko alivyowahi kumwambia mtu. Kuhamia kwa mtoto, aanze kuomba ruhusa ya kuwasha redio? Aliogopa kweli kweli.

Jina la Nailoni hakupewa bure. Maisha yake yote ya kazi alishona viti vya magari, na aliamini kitu huacha kuwa kipya siku kinapovuliwa nailoni yake. Makochi yake yalivaa nailoni, rimoti ilivaa nailoni, hata picha ya harusi ilivaa. Mgeni akiinuka kwenye kochi siku ya joto, nyumba nzima ilisikia.

Fundi friji alikuja mchana, akachungulia nyuma ya friji, akatangaza kwamba mota imekufa na nyingine itachukua wiki mbili kufika. Lakini hakuwa mtu wa kumwacha mwenzake kwenye matatizo. Alirudi na mitungi miwili ya udongo, mkubwa na mdogo. Aliutia mdogo ndani ya mkubwa, akajaza mchanga katikati, akamwagia mchanga maji, akaweka dawa na kipimajoto ndani, akafunika kwa kitambaa kibichi. Kisha akauweka wote juu ya stuli karibu na dirisha.

"Barafu inaingia wapi?" Mama aliuliza.

"Hakuna barafu."

"Umeme?"

"Hakuna."

Mama alimtazama kwa huruma.

"Maji yanapenya kwenye udongo, yanatokeza nje, upepo unayakausha," fundi alisema. "Na maji hayakauki bure, mama yangu. Yakiondoka, yanaondoka na joto la mtungi. Wewe mwagilia mchanga asubuhi na jioni, basi. Mengine uyaachie maji."

Jumanne kipimajoto kilisoma ishirini na saba. Jumatano kilisoma ishirini na tano, na sebule yenyewe ilikuwa thelathini na tano. Mama alikwenda kwa jirani kuomba chumvi asiyoihitaji, ili apate kusimulia.

Alhamisi aliuangalia mtungi vizuri. Ulikuwa unatoka jasho, jasho linaichafua stuli, na vumbi la barabarani linaganda juu yake. Siku tatu kitu cha maana kimekaa uchi mbele za watu! Aliona aibu. Akachukua futi, akaupima kiuno na shingo, akaushonea vazi la nailoni nzito, mshono mara mbili, lenye zipu. Liliukaa mtungi barabara. Hata mbu hakuwa na pa kupita.

Ijumaa kipimajoto kilisoma thelathini na moja. Mama alililaumu jua, akashona vazi la pili.

Jumamosi kilisoma thelathini na nne. Fundi alikuwa safarini, na simu yake haikupatikana. Mama alianza kuziangalia kuta za nyumba yake kama mtu anayeziaga, na machozi yakamlenga.

Alikwenda kunawa uso, akarudi kuketi dirishani mkono wa kushoto umelowa hadi kwenye kiwiko. Upepo ulipopita, mkono ule ukaona baridi. Wa kulia, uliokuwa mkavu, haukuona kitu. Mama akaokota kipande cha nailoni sakafuni, akauzungushia mkono uliolowa. Baridi ikakatika. Akakifungua, baridi ikarudi.

Aliutazama mkono. Aliutazama mtungi.

"Mungu wangu," alisema. "Kumbe nimeliziba joto njia."

Aliyavua mavazi yote mawili. Kwa ndani yalikuwa yamelowa chapachapa. Maji yalikosa pa kwenda.

Jumapili binti alifika na sanduku la nguo lisilo na kitu ndani, pamoja na kisanduku cha baridi cha dawa. Alisalimia, akafunua mtungi, akasoma. Akafuta kipimajoto, akasoma tena.

"Ishirini na sita," alisema. "Haya, Mama. Umeshinda."

Ilikuwa imekwisha. Kilichobaki ni kunyamaza tu, na kunyamaza hakuna gharama. Ila maisha yake yote Mama aliwaambia watoto kwamba mficha maradhi kifo humfichua, na sasa maneno yale yalikuwa yamemgeukia yeye.

"Juzi ilikuwa thelathini na moja," alisema. "Jana thelathini na nne. Niliuvalisha nailoni." Akaenda ndani akaleta ushahidi.

Binti alifungua zipu, akaifunga.

"Ina zipu," alisema.

"Kwa ajili ya vumbi."

Binti alivitoa vichupa vyote vitatu, akaweka vipya kutoka kwenye kisanduku chake. "Hivi havitumiki tena. Lakini baki kwako. Mgonjwa anayesema ukweli sina wasiwasi naye."

Mama alifurahi. Alisubiri binti naye afurahi. Binti alikaa kwenye kochi, amelipakata lile sanduku tupu.

"Chumba nilishakiandaa," alisema. "Nilipaka rangi mwezi uliopita."

"Mwezi uliopita friji lilikuwa zima."

"Ndiyo, lilikuwa zima." Binti alishughulika na kufuli la sanduku. "Nikitoka kazini, Mama, pale kwangu hakuna hata wa kunifokea."

Mama alikaa karibu naye. Kochi lilisema lake, na hakuna aliyecheka.

"Mwisho wa mwezi nitakuja, nikae wiki mbili," Mama alisema. "Umepaka rangi gani?"

"Bluu."

Tangu utoto wake Mama hakuwahi kuipenda bluu.

"Bluu ni nzuri," alisema.