Hatua za Wifi

Kasiana ndiye aliyemwingiza wifi yake Dorine kwenye kikundi cha mazoezi, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Dorine angejileta mwenyewe, au angeletwa na mtu mwingine, labda angemvumilia. Lakini ni yeye Kasiana, kwa mdomo wake, aliyekwenda nyumbani kwa kaka yake Osmund kule Majengo, akakaa kwenye kochi na kumwambia mke wa kaka yake, "Wifi, hii miili itatuua. Njoo tukimbie."

Wakati ule wote wawili walikuwa wanene, na unene ule uliwapatanisha. Walinong'onezana habari za magoti wakitoka kanisani, wakacheka pamoja kila walipong'ang'ana kushuka kwenye bajaji. Kasiana alikuwa fundi cherehani mtaa wa Lizaboni. Mume wake, Longino, alikuwa Tunduru kwenye biashara ya mawe ya vito, na nyumbani alikuja kwa msimu kama mvua. Dorine alikuwa na duka la vifaa vya shule. Daktari aliwaambia wote habari ya presha, kila mmoja kwa siku yake, na kila mmoja alirudi kumsimulia mwenzake kama mtu aliyetoka safari.

Kikundi kiliitwa Amka Twende, na kiliongozwa na Mwalimu Hironimus, mstaafu aliyefundisha michezo sekondari maisha yake yote. Alitaka kila mtu aweke kwenye simu programu ya kuhesabu hatua. Jioni unapiga picha kioo cha simu, unatuma kwenye kundi la WhatsApp. Jumapili baada ya misa Mwalimu alipanga majina, kuanzia aliyetembea zaidi mpaka aliyezembea, na mwanzo wa kila mwezi aliandika pembeni ya jina kilo za kila mtu, maana alikuwa na mizani yake ambayo hakumwazima mtu.

"Mwili ni mwongo," alipenda kusema. "Usipouandika, utakwambia umefanya kazi kumbe umelala."

Majuma ya mwanzo Kasiana alikuwa juu ya Dorine kwenye orodha, na mambo yalikuwa mazuri. Alimtia moyo wifi yake, alimsubiri kwenye kona, alimbebea chupa ya maji. Halafu Jumapili moja majina yao yakafuatana. Jumapili iliyofuata la Dorine likawa juu. Kasiana alituma alama ya makofi kama wenzake, akaiweka simu chini, akagundua kwamba hana hamu ya chai.

Watu wengine waliona kwa macho kwamba Dorine anapungua. Kasiana aliona kwa futi kamba. Dorine alikuja na gauni lake la kitenge, akasimama katikati ya chumba cha ushonaji, akainua mikono. "Wifi, nipunguzie hapa kiunoni. Linanivuka." Baada ya muda akarudi na gauni lile lile. "Wifi, samahani, hebu punguza tena." Kasiana alibana pini midomoni na kuinama. Pini zilimsaidia, kwa sababu mwenye pini mdomoni hatakiwi kujibu.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mama yake, Bi Walburga, aliyeishi naye, alikuwa na tabia ya kusema jambo moja asubuhi na kulirudia mchana. "Mkamwana wangu amerudi usichana," alisema akichambua dagaa wa Nyasa uani. "Nimemwona jana, anatembea kama hana uzito. Hivi Kasiana, si mnakimbia wote?"

"Tunakimbia wote, mama."

"Basi labda ni mwili tu. Wewe umechukua mwili wa shangazi zako."

Longino naye akapiga simu kutoka Tunduru, akauliza habari za nyumbani, akauliza bei ya mahindi, halafu akasema kwa sauti ya mtu asiye na nia mbaya, "Nimeona picha ya shemeji huko kwenye status. Amependeza kweli. Nyie si mnafanya zoezi moja?" Kasiana alimjibu kwamba salio linakwisha, ingawa aliyepiga alikuwa Longino.

Watu husema wivu kidonda, ukishiriki utakonda. Kasiana alishiriki kwa moyo wote na hakukonda. Mizani ya Mwalimu ilipanda na kushuka palepale, kama mtu anayecheza ngoma bila kuondoka mahali pake. Alikuwa anaamka, anakimbia, anaacha sukari, lakini kazi yake ilikuwa ya kukaa, na Dorine siku nzima alikuwa amesimama, akipanda ngazi kuchukua madaftari rafu za juu, akizunguka sokoni kutafuta chenji. Kasiana aliijua hesabu hiyo vizuri. Kuijua hakukumpunguzia kitu.

Mwezi wa sita ukaingia na baridi yake. Ni msimu wa sare, wazazi wanataka sketi na kaptura kabla shule hazijafunguliwa, na Kasiana alishinda kwenye cherehani amevaa sweta na soksi ndefu za Longino zilizofika magotini. Sketi yake haikuwa na mfuko. Asubuhi moja, ili simu isipotee katikati ya vitambaa, aliichomeka kwenye soksi ya mguu wa kulia, akaendelea kukanyaga.

Mchana alipoitoa kuangalia saa, akakuta hatua zimejaa. Alidhani simu imeharibika. Akaichomeka tena, akakanyaga pedeli kidogo, akaitoa. Zilikuwa zimeongezeka. Ile simu ilikuwa inahesabu kila mguu ulipopanda na kushuka, ikidhani mwenye mguu yuko njiani.

Jioni ile alikaa kitandani kwa muda ameishika. Alijiambia kwamba kukanyaga cherehani nako ni kazi, mguu unachoka, jasho linatoka hata kwenye baridi. Hakuna aliyesema mazoezi ni ya barabarani tu. Akapiga picha ya kioo, akatuma.

"Hongera dada Kasiana!" wakaandika. Mwalimu Hironimus akaweka alama ya ngumi. Dorine aliandika, "Wifi umepita wapi leo?" Kasiana akajibu, "Nimezunguka zunguka tu." Usiku ule alilala vizuri kuliko majuma mengi.

Kesho yake haikuwa tena bahati mbaya. Aliivalisha simu soksi kama mtu anayemvalisha mtoto, akaivuta juu isionekane, na sare zikamiminika. Jumapili jina lake likawa la kwanza. Baada ya misa, mbele ya kanisa, watu walimshika mkono. Mama yake alisimama kando akitabasamu, na alipofika nyumbani alimwambia jirani kwamba watoto wake wote wana bidii tangu utotoni. Kasiana alisikia akiwa jikoni, akafurahi, na furaha ile ilikuwa na ladha ya chakula kilichoungua chini.

Dorine hakuuliza tena amepita wapi. Alianza kufunga duka mapema. Osmund alimpigia dada yake simu kulalamika nusu kwa mzaha, "Umempa nini mke wangu? Alfajiri hayupo, jioni hayupo. Chakula cha usiku ameacha kabisa, anakunywa maji ya limao. Anasema lazima akufikie."

"Mwambie apumzike," Kasiana alisema.

"Mwambie wewe. Wewe ndiye bingwa."

Angeweza kumwambia. Alichofanya ni kukata simu na kurudi kwenye kaptura alizokuwa akishona. Na ukweli wote usemwe: alipofikiria Dorine akihema barabarani peke yake, akifukuzia hatua zisizokuwepo, moyo wake ulipata kaubaridi kazuri. Na yeye aonje, alifikiri. Na yeye alale akihesabu hatua za mwenzake.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, Mwalimu akatangaza safari ya kupanda mlima Matogoro Jumamosi. Kasiana alitafuta sababu ya kutokwenda, akakosa. Bingwa hakosi kupanda mlima.

Walianza asubuhi na ukungu. Mpaka chini ya mlima Kasiana alijitahidi kukaa katikati ya kundi, lakini njia ilipoanza kuinuka, mapafu yake yakasema ukweli. Mmoja baada ya mwingine walimpita wakimtazama kwa mshangao. "Nina mafua," aliwaambia. "Leo nina mafua."

Dorine alikuwa mbele. Alipoona Kasiana amebaki, alisimama akamsubiri. Uso wake ulikuwa umekonda mpaka mashavu yameingia, na midomo ilikuwa mikavu.

"Wifi, unafanya nini?" aliuliza.

"Nimechoka. Nenda tu."

"Wewe uchoke? Kwa hatua zile?" Dorine alimtazama juu hadi chini. "Unaniachia makusudi. Unaona nimehangaika wiki hizi zote, sasa unanihurumia mbele ya watu."

"Sikuhurumii, wifi. Dorine, subiri."

"Sitaki kuachiwa," Dorine alisema, akageuka, akaanza kukimbia pale ambapo watu wote walikuwa wanatembea.

Kasiana alimwona akipita kundi, akimpita hata Mwalimu Hironimus aliyemwita arudi. Alimwona akifika kwenye kona yenye mawe, akisimama, akinyoosha mkono kama anayetafuta ukuta wa kujishikiza. Kisha akaanguka ubavu, akabiringika mpaka kwenye vichaka.

Walipomfikia macho yalikuwa yamefunguka lakini hayamtazami mtu, na mkono wa kushoto ulikuwa umekaa vibaya. Walimshusha kwa zamu wamembeba kwenye khanga mbili zilizofungwa pamoja. Kasiana alishika pembe moja na hakukubali kupokewa mpaka walipofika kwenye gari, ingawa miguu ilimtetemeka na kifua kiliwaka moto.

Hospitalini walisema mkono umevunjika na mwili hauna kitu, mtu huyu hali chakula. Waliuweka mkono plasta, wakamtundikia maji. Bi Walburga alifika pamoja na Osmund, akamshika mkamwana wake kichwa, halafu akamgeukia binti yake. "Wewe ndiye mwenye nguvu. Ulimwachaje mwenzako akatangulia peke yake?"

Mama yake na Osmund walipotoka kwenda kununua dawa, Kasiana alisogeza kiti karibu na kitanda. Alikuwa ameleta uji, akaanza kumnywesha kwa kijiko. Dorine alikunywa kidogo, akageuza uso.

"Wifi," Kasiana alisema, "zile hatua si zangu."

"Za nani?"

"Za cherehani. Nilikuwa naweka simu kwenye soksi wakati nashona."

Nje ya dirisha mtu alikuwa anafyeka majani, na mlio wa fyekeo ulisikika ukienda na kurudi.

"Tangu lini?"

"Tangu baridi ilipoanza. Siku zote zile nilizokupita."

"Kwa nini?"

Kasiana alikuwa ameandaa maneno mengine, ya kusema alikuwa anatania, kwamba alitaka kusema mapema. Yakamkatalia. "Ulikuwa unaleta lile gauni nilipunguze," alisema. "Kila ukija nilitamani urudi kunenepa. Nilikuchukia, wifi. Hukunifanyia kitu na nilikuchukia."

Dorine alifumba macho. Alisema, "Nenda nyumbani, Kasiana." Tangu aolewe na Osmund hakuwahi kumwita kwa jina lake bila kutanguliza wifi.

Jioni Kasiana aliandika kwenye kundi, maneno machache, bila kujitetea. Wengine walicheka, wengine walinyamaza, dada mmoja akajitoa kwenye kundi kwa hasira. Mwalimu Hironimus alimpigia simu. Hakumkaripia. Alisema tu kwamba anazifuta zile wiki zote, na kwamba kesho alfajiri watakutana palepale pa siku zote. Bi Walburga alipoambiwa, hakusema neno asubuhi wala mchana, na kimya kile kilikuwa kizito kuliko maneno yake yote.

Kwa kuwa Dorine hakuweza kutumia mkono, Kasiana alianza kwenda Majengo baada ya kazi. Alienda kwa miguu, simu mkononi. Alifua, alisonga ugali, alichota maji. Dorine alikaa mlangoni na plasta yake, akajibu salamu na kunyamaza. Iliendelea hivyo mpaka mwezi ukaisha. Kasiana hakulalamika, lakini asidhaniwe kuwa amekuwa malaika. Alikuwa akifua nguo za Dorine na kuona zilivyo ndogo, na kile kidonda kilimchonyota palepale.

Siku moja alikuwa anakamua shuka peke yake, akihangaika, Dorine akainuka na kushika ncha ya pili kwa mkono mzima.

"Unajua kilichoniuma?" Dorine alisema akiitazama shuka. "Si uongo wako. Nilipokuwa juu yako nilikuwa nafurahi. Kila Jumapili nilitafuta jina lako kabla ya langu, nione limebaki wapi. Lile gauni ningeweza kumpelekea fundi wa hapa jirani."

Kasiana aliacha kukamua.

"Nilikuletea wewe ili upime," Dorine alisema. "Basi. Na mimi nimesema."

Walitundika shuka ile kwenye kamba. Hakuna aliyeomba msamaha zaidi ya hapo. Kasiana alihisi hasira ikipanda, kisha akahisi kicheko kikiifuata nyuma, na hakujua kipi kitafika kwanza. Alivaa viatu vyake vya kutembelea.

"Daktari kasema naruhusiwa kutembea," Dorine alisema. "Nikusindikize mpaka barabarani?"

"Twende, wifi. Lakini usinipite."

"Nina mkono mmoja."

"Hatua haziendi kwa mikono," Kasiana alisema, na wakatoka, kila mmoja akitupia jicho miguu ya mwenzake.