Bunduki Tatu na Nyati wa Mbao

Mimi ni fundi wa bunduki, na nina kinyongo. Naanza na hilo usije ukasema baadaye kwamba nilikuficha. Miaka ishirini nimekaa kwenye karakana ya kikosi cha wanyamapori, nyuma ya ofisi kuu, nikifungua bolti, nikisugua mitutu, nikichonga vitako. Bati la paa linavuja juu ya meza yangu, na barua zangu za kuomba bati jipya zimejaza faili zima. Watu wa doria wananiita Fundi. Mkuu wetu, akiwa na wageni wake, ananiita yule mama wa karakana.

Mkuu mwenyewe tulimpa jina la Mng'aro, maana kwenye viatu vyake ungeweza kujitazama meno. Ndiye aliyechagua bunduki za kikosi, na alizichagua kama mtu anavyochagua kabati la sebuleni: kitako cha mbao nyekundu iliyopigwa vanishi, chuma cheusi kinachometameta. Moja ameitundika ukutani ofisini kwake. Nilimwambia mapema, "Mkuu, kazi yetu ni ya mvua na matope, hizi zitatutesa." Akanijibu bila hata kuniangalia, "Fundi, bunduki ni sura ya kikosi."

Sura! Mdogo wangu alikufa na sura hiyo mkononi.

Alikuwa mtu wa doria. Nyati wakivamia mashamba na kuumiza watu, wao ndio wanaotumwa. Ilikuwa siku ya tatu ya mvua isiyokatika, na nyati mwenye jeraha akawatokea kwenye manyasi. Mdogo wangu alipiga risasi moja. Ya pili haikutoka.

Mng'aro aliichukua ile bunduki akaifungia ofisini kwake wiki mbili. Alipoileta karakana alikuja na watu kama mashahidi, akashika mkono wa bolti, kile chuma kinachovutwa ili risasi nyingine iingie, akauinua, akauvuta. Bolti ikafunguka laini kabisa. "Mmeona wenyewe," akasema. "Bunduki ni nzima." Kisha akaandika ripoti: marehemu alishikwa na hofu, akatupa silaha, akakimbia. Kiongozi wa doria, mtu pekee aliyemfikia mdogo wangu pale chini, alitia saini chini ya maneno hayo. Nilimuuliza mara tatu aliona nini. Mara zote tatu aliangalia vidole vya miguu yake.

Kuna ubao kwenye korido ya ofisi kuu, wenye majina ya waliokufa kazini. Jina la mdogo wangu halikuwekwa. Wifi yangu akaacha kwenda sokoni, kwa sababu alichoka kunyamaziwa kila anapopita. Siku moja binti yao, wa miaka saba, aliniuliza jambo huku namsuka nywele.

"Shangazi, baba alikimbilia wapi?"

Niliendelea kusuka. Siku ile nilikula kiapo kwamba jina lile litapanda ubaoni, na Mng'aro ndiye atakayelipandisha kwa mkono wake.

Mwaka mzima sikuwa na pa kuanzia. Kilichonisaidia ni lile bati bovu. Mvua zilipoanza, bunduki moja ya aina ileile ilikaa siku tatu mezani kwangu chini ya tundu, bolti imefungwa. Nilipotaka kuifungua, wapi! Nikavuta, nikapiga kwa kiganja, ng'o. Nikadhani ni kutu. Chuma kilikuwa kisafi, mafuta yanateleza. Ndipo nikainama nikatazama vizuri. Bolti ikifungwa, mkono wake hulala ndani ya mfereji mdogo uliochongwa ubavuni mwa kitako. Mbao zilikuwa zimekunywa maji zikavimba, na mfereji umeubana ule mkono kama mlango uliovimba kwenye fremu. Nikaiweka juani. Baada ya siku chache ikafunguka laini.

Laini, kama ile iliyokauka wiki mbili ofisini kwa Mng'aro.

Nilikaa sakafuni nikalia kwa hasira mpaka kichwa kikaniuma. Ningeweza kumfuata siku ileile. Nikajizuia, kwa sababu ninamjua: angesema nimeilowesha makusudi, dada wa marehemu, mwenye uchungu wake. Nilitaka mbao zile zimkamate yeye mwenyewe, watu wakiangalia. Nikanyamaza, nikawa namsalimia kwa heshima zote. Shikamoo Mkuu, habari za asubuhi Mkuu. Moyoni nilikuwa nampimia kaburi.

Mwaka uliofuata ikaja barua kutoka makao makuu. Kikosi kinunue bunduki mpya za bolti, za kufaa mvua na jua, na safari hii zichaguliwe kwa majaribio. Fundi aandae. Kila mjumbe wa kamati, akiwemo mkuu, apige kwa mkono wake. Niliisoma barua ile mara nne, nikaenda kujifungia stoo nikacheka peke yangu.

Tukaweka bunduki tatu. Ya kwanza ni ya aina ileile ya Mng'aro, maana alishikilia kwamba hakuna nyingine inayoifikia. Kukubali vingine kungekuwa kukiri kosa. Ya pili ilikuwa na darubini ndefu, chaguo la kiongozi wa doria. Ya tatu niliileta mimi: chuma kisichoshika kutu, kitako cha plastiki nyeusi ngumu, rangi kama ya sufuria ya zamani. Mng'aro alipoiona aliangua kicheko. "Fundi, huu si mpini wa fagio?"

"Ndiyo Mkuu," nikasema. "Unafagia vizuri."

Utaratibu ulikuwa rahisi. Bunduki zinatiwa risasi na kufungwa bolti, kama watu wanavyotoka nazo doria, kisha zinakaa nje siku tatu kwenye uzio wenye kufuli, mitutu imeelekea rundo la mchanga. Mvua ilinyesha siku zote tatu, kana kwamba nimeiagiza. Kila jioni mwenye bunduki anakuja kuifuta na kuipaka mafuta, halafu anatia saini kwenye karatasi. Mng'aro alikuja na kitambaa cheupe.

"Umepaka vizuri, Mkuu?"

"Unanifundisha kazi?"

"Hata kidogo, Mkuu. Saini hapa."

Akasaini, jioni zote tatu, kwa mikogo kama anasaini mkataba wa nchi.

Asubuhi ya nne tukaenda uwanja wa shabaha. Nilikuwa nimetengeneza nyati wa mbao, mkubwa kama yule wa kweli, juu ya magurudumu, mwenye pembe za bomba la maji. Kamba ndefu ilimfunga kwenye pikipiki iliyokuwa nyuma yetu; pikipiki ikiondoka, nyati anakuja mbio kumwelekea mpigaji. Kulikuwa na gogo la kumzuia, limefichwa kwenye majani hatua nne tu mbele ya mpigaji. Habari za gogo niliwaambia wote. Mng'aro nilimsahau. Ndiyo, nilimsahau kwa makusudi.

Nilianza mimi. Nyati akaja, nikapiga, nikavuta bolti, nikapiga, nikavuta, nikapiga. Matundu matatu kifuani. Akafuata kiongozi wa doria. Darubini yake ilikuwa imeingia ukungu ndani. "Jamani, naona wingu lenye pembe!" akapiga kelele, na risasi zake zote zikaenda kwenye tuta la mchanga. Watu wakacheka. Hata mwenyekiti wa kamati, mama mmoja wa makao makuu asiye na utani, alificha mdomo kwa karatasi.

Zamu ya Mng'aro. Akasimama kama anayepigwa picha. Nikampa ishara mtu wa pikipiki.

Nyati akaja. Mng'aro akapiga, na nisiwe mwongo, alilenga vizuri. Akashika mkono wa bolti. Haukuinuka. Akavuta tena, akaupiga kwa kiganja, akaukandamiza kwa vidole vyote, na nyati anakuja, magurudumu yanaunguruma. Nilimwona uso. Akaitupa bunduki kwenye matope, akageuka, mguu niponye. Kiatu kimoja kilinasa kwenye tope akakiacha. Nyati akagonga gogo akasimama, na Mkuu wa kikosi alikuwa bado anakimbia.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi sikucheka. Niliiokota bunduki, nikaelekeza mtutu kwenye tuta, nikamwita mwenyekiti.

"Mama, hebu ifungue."

Alijaribu mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Nikamwonyesha mfereji, nikamwonyesha mbao zilivyovimba. Mng'aro akarudi anahema, soksi moja imelowa. "Hujuma hii! Huyu mwanamke ameharibu bunduki!"

Nikamkabidhi mwenyekiti ile karatasi. "Imepakwa mafuta na Mkuu mwenyewe. Saini zake tatu hizo. Na kila aina hii ikilowa siku tatu itafanya hivi, nendeni mkajaribu ile ya ukutani kwake. Mdogo wangu alipewa ya aina hii. Mkuu amekimbia nyati wa mbao, naye ndiye aliyeandika kwamba mdogo wangu alimkimbia wa kweli."

Hapo kicheko kikakatika. Kiongozi wa doria akavua kofia yake.

"Hakukimbia," akasema. "Nilimkuta amelala juu ya bunduki. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye bolti. Nilivitoa vidole vyake kimoja kimoja. Mkuu akaniletea ripoti imeshaandikwa, nikasaini."

"Miaka miwili!" nilimwambia. "Miaka miwili unanipita pale karakana!"

"Niliogopa, dada."

Nilitamani kumzaba kofi. Nikaacha, kofi langu lilikuwa na mwenyewe.

Mwenyekiti aliamuru ripoti mpya iandikwe siku ileile. Nikasema iandikwe karakana kwangu, nikampa Mng'aro kile kiti kilicho chini ya tundu la bati. Kila akiandika mstari, tone linamdondokea shingoni. Mimi nilisimama nyuma yake nikamtajia neno kwa neno: alikufa kazini, ameshika silaha yake, ikiwa imekwama. Alipofika kwenye "imekwama" kalamu ikasita. Nikamwambia, "Andika, Mkuu. Hatukimbii." Nilifurahi mpaka nikaona haya, na bado nilitaka aandike tena.

Kikosi sasa kinabeba mipini ya fagio. Mng'aro alihamishwa, na kiatu chake kiko kwenye rafu yangu na tope lake, hajawahi kutuma mtu kukifuata.

Kibao cha jina nilikuwa nimekichonga tangu mwaka wa kwanza, kikawa kinalala kwenye droo ya patasi. Wifi alikuja amevaa nguo zake nzuri, na binti amemshika mkono. Nilitoboa ubao wa koridoni, nikafunga skurubu tatu za chuma kisichoshika kutu. Mtoto alisoma jina la baba yake kwa sauti, kisha akaninong'oneza.

"Kwa hiyo, shangazi, hakukimbilia popote?"

"Hakukimbilia popote, mama. Alisimama palepale."

Nikambeba, nikampa bisibisi. Skurubu ya nne aliikaza mwenyewe.