Nguo za Nyumba Arobaini

Niliteleza kwenye povu la sabuni, kisogo kikagonga karo, na tangu siku hiyo dunia naiona kama kupitia mvuke wa pasi. Watu wanaelea. Maneno yao yananifikia yamechelewa. Lakini akili ninayo, jamani! Mimi ni dobi, na tajiri wangu amesema sirudi kazini bila barua ya yule binti anayepima vichwa hospitalini.

"Chungwa na ndizi vinafanana kwa lipi, mama?" binti akauliza.

"Havifanani hata kidogo. Doa la chungwa linatoka. La ndizi, sahau."

Akaandika sufuri. Eti jibu ni matunda.

"Kwani nani hajui kuwa ni matunda? Nilidhani unauliza la maana!"

Akanipa kalamu nichore saa. Kalamu! Mimi darasa nimeliona kupitia dirishani tu. Mstari ukaenda zake, nami nikaufuata kwa macho, ukanipeleka uani kwetu, kwenye mashuka yanayopepea taratibu, hadi mume wangu, aliyekaa kando yangu, aliponigusa bega. Sufuri nyingine.

Mume wangu ni mpole wa watu, lakini siku hiyo alikuja juu. "Huyu hajasoma, binti. Muulize nguo! Anafua nguo za nyumba arobaini na haweki alama ya mwenyewe hata moja. Zote ziko kichwani."

Binti akaweka kalamu chini. "Basi kesho zileteni," akasema.

Kesho yake mume wangu akaja na furushi la nguo kutoka kazini kwangu. Nikalifungua, moyo ukatulia tuli. Gauni la mkunga, kiuno kimepunguzwa. Suruali ya kinyozi, vinywele haviishi mifukoni. Koti la mwalimu, kiwiko kimelika. Nilizitaja bila kupepesa, binti anacheka kwa furaha. Barua nikaiona hiyoo, inakuja.

Likabaki shati moja la buluu, laini, kola imegeuzwa kwa mkono. Nikaligeuzageuza. Nikalinusa. Lilinukia sabuni tu.

"Hili la mteja mgeni," nikasema. "Silijui."

Nikamtazama mume wangu. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Langu hilo, mke wangu," akasema polepole. "Kola uligeuza wewe. Nililitia humo makusudi, upate moja la bure."

Jana yake nilikuwa nimegombana na kila sufuri. Nilikaa na shati mkononi, naogopa kuliko siku niliyoanguka.

"Andika sufuri, mwanangu," nikamwambia binti.