Kibodi ya Wageni

Katibu Masele alikuwa mtu wa kutunza vitu. Makochi yake kule Buswelu hayajavuliwa nailoni ya dukani mpaka leo, na mgeni akitaka kuinuka ni lazima kwanza abanduke. Rimoti nayo imevishwa mfuko. Ukiuliza, utajibiwa: kitunze kikutunze.

Wafadhili walipouletea umoja wake wa wafuga samaki kibodi ya kisasa, iliyogawanyika katikati na kuinuka kama mgongo wa kobe ili mikono ya mchapaji isipinde, Evelina alimshukuru Mungu kimoyomoyo. Mchapaji alikuwa yeye. Vifundo vya mikono vilimwaka moto tangu masika, vidole vilikufa ganzi, na daktari alishamwonya: akiendelea na ile kibodi kuukuu, ambayo herufi A haitoki mpaka uitwange kama karanga, mikono itagoma moja kwa moja. Na mikono hiyo ndiyo iliyomlisha.

Katibu akaiweka mezani kwake. Kuchapa hajui, lakini hilo halikumsumbua. Aliiacha ndani ya nailoni, akaitandikia kitambaa cha kufuma cha mkewe, na kila aliyeingia ofisini alifunuliwa, akaonyeshwa, akafunikiwa. Evelina alipoomba kuitumia, japo asubuhi tu, alijibiwa kwa upole wa kuudhi.

"Kitu kipya hakichakazwi, Evelina. Hiyo ni ya wageni."

Ya wageni! Kana kwamba kuna mtu angefunga safari toka Butimba kuja kuchapa.

Ijumaa wafadhili wakapiga simu: Jumatatu wanakuja kuona kibodi ilivyowasaidia wafanyakazi. Jumapili, Evelina akisonga ugali, mwiko ukamponyoka, na vidole vikakataa kuuokota. Alikaa jikoni akalia. Alipomaliza kulia, akatafuta nailoni.

Jumatatu Katibu alifika na jasho lake, akaibeba kibodi mwenyewe hadi mezani kwa Evelina, akataka risala ichapwe upesi. Evelina hakusogea. Mikono yake yote miwili ilikuwa mezani, ndani ya mfuko wa nailoni, na juu yake kitambaa cha kufuma kilichopigwa pasi.

"Shikamoo, Katibu," alisema. "Na mimi nimeanza kutunza. Kitunze kikutunze."

Wafadhili walimkuta Katibu ameinamia kibodi yao, anachapa risala kwa kidole kimoja. Nailoni alikuwa hajaitoa.