Chai ya Mama Hapatikani

Lemi alikuwa na sharti moja kwenye duka lake la kuchaji simu pale Nyakuron, mjini Juba: simu iingie ikiwa imezimwa. Ikizimwa hujaa upesi, jenereta hunywa mafuta kidogo, na dukani hapawi na kelele za watu wasiokuwepo. Wateja walishazoea. Mtu alizima simu yake, Lemi akabandika selotepu yenye jina, akaichomeka katikati ya wenzake, na mwenyewe akaenda zake sokoni.

Kwa hiyo siku gari lisilo na namba liliposimama mbele ya duka, simu zote zilikuwa zimelala. Wanaume wenye miwani myeusi walishuka, wakamsalimia Lemi vizuri, wakasema ni mambo ya usalama. Wakazichomoa moja moja kwa uangalifu, wakazitia kwenye gunia la mtama, wakaondoka. Hawakumpiga mtu. Mmoja alirudi mbio kuchukua waya za kuchajia.

Adhieu alipofika, mwanawe Majak mgongoni, alimkuta Lemi amekaa juu ya kreti ya soda, selotepu mkononi.

"Simu yangu, kaka?"

"Imekwenda usalama."

"Itarudi lini?"

"Hawakusema, dada. Lakini walishukuru."

Simu yenyewe haikuwa kitu. Kioo chake kilikuwa na ufa, na kifuniko cha nyuma kilishikiliwa kwa mpira wa pinki wa kufungia nywele. Kilichomkata Adhieu maini ni ile laini. Dadake, Amou, alikuwa Khartoum vita vilipoanza. Baada ya kimya kirefu alipiga mara moja tu, kwa simu ya dereva wa lori, akasema: "Niko njiani nateremka. Nikivuka mpaka nikafika Renk nitaazima simu nikupigie. Namba yako ndiyo pekee iliyo kichwani mwangu, usiibadilishe hata ukipewa dhahabu." Kisha lori likanguruma na Amou akapotea.

Kwenye ofisi ya mtandao, Adhieu aliomba arudishiwe namba yake. Msichana wa kaunta aliangalia kompyuta.

"Wewe ndiye Gatkuoth?"

"Hapana."

"Basi mlete Gatkuoth."

Gatkuoth alikuwa akiuza laini chini ya mwavuli, na kwa huruma yake alisajili nusu ya Nyakuron kwa jina lake mwenyewe ili watu wasisumbuke na foleni. Wakati ule kila mtu alimshukuru. Sasa alikuwa amehamia Malakal, na hakuna aliyejua nyumba yake.

Ikabaki kupiga tu. Jirani yake Scovia, fundi cherehani aliyekulia kambini Uganda, alimpa simu yake kila asubuhi na kila jioni. Adhieu alipiga namba yake mwenyewe, na kila mara akajibiwa na yule mwanamke wa mtandao: samahani, mteja unayempigia hapatikani kwa sasa, tafadhali jaribu tena baadaye. Adhieu hakukata. Mama yao, kule kambini Kakuma, aliwalea kwamba mtu mzima akizungumza humkatizi, hata kama anachosema umeshakisikia. Alisikiliza Kiingereza, akasikiliza na Kiarabu, mpaka mwisho. Kisha akasema, "Asante, mama. Pole na kazi."

"Wee Mama Majak," Scovia alicheka mpaka uzi ukamtoka kwenye sindano, "ile iko mashine!"

"Mashine gani inaomba samahani vizuri hivyo?"

Siku moja alasiri, Adhieu akiwa anageuza mandazi kwenye mafuta, mwanamke huyo alifika. Alikuwa na sketi ya ofisini, vumbi hadi magotini, na viatu vyake alivishika mkononi.

"Samahani," alisema. "Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa."

Sauti ilikuwa ile ile. Mbwa wa jirani alinyamaza. Scovia alisimamisha cherehani, akamtazama mgeni juu mpaka chini, akaenda kuleta kiti.

"Karibu, mama," Adhieu akampa maji. "Umetoka mbali?"

"Samahani. Kila mahali."

Alikunywa maji, akanywa chai ya tangawizi, akala mandazi kwa adabu. Alieleza kwamba katika kazi yake yote hakuwahi kuambiwa asante ila na Adhieu. Wengi humtukana. Wengine humkata kabla hajafika kwenye tafadhali, neno analolipenda kuliko yote. Basi akaona ni vizuri aje kumpa Adhieu jibu lake ana kwa ana. Kila baada ya muda kidogo aligeuza uso pembeni, akauambia upepo, "Samahani, mteja unayempigia hapatikani," halafu akarudi kwenye kikombe chake. Alasiri ile, waliopiga simu zilizozimwa mjini kote walisikia mtu akipuliza chai.

"Huyu tumwite Mama Hapatikani," Scovia alisema, na jina likamkaa.

"Mama," Adhieu aliuliza, "unajua simu yangu iko wapi?"

"Samahani. Mimi hukaa na kila simu iliyozimwa mpaka iwashwe. Yako ina mpira wa pinki."

Adhieu alizima jiko, akamfunga Majak mgongoni vizuri, wakashika njia. Walipita Hai Jalaba katikati ya maduka, Mama Hapatikani akiomba samahani kulia na kushoto, na wafanyabiashara wakimjibu maalesh, maalesh, si kitu, bila kuinua macho. Upande wa pili walifika kwenye ukuta mrefu wa rangi ya maziwa, na lango, na afisa mmoja mnene aitwaye Kuach, aliyekuwa amekaa kivulini akimenya karanga.

"Mnatafuta nini, mama zangu?"

"Simu yangu, mkubwa. Iko ndani humu."

"Humu ziko nyingi. Njooni mwone."

Aliwapeleka nyuma ya jengo, kwenye dirisha la nondo, kama mtu anayewaonyesha wageni shamba lake. Chumba kilikuwa kimejaa simu mpaka usawa wa dirisha. Zote zilikuwa zimezimwa, na juu yake palikuwa na vumbi jembamba kama unga wa mtama. Majak alinyoosha mkono kati ya nondo, akazipungia. Adhieu aliiona yake mara moja, karibu na ukuta wa mbali, na mpira wake wa pinki. Moyo ukamruka kama amemwona mtu wa kwao kwenye kituo cha basi.

Mama Hapatikani alizisalimia kwa sauti ya chini. "Ile ni ya mwalimu wa hesabu. Ile ni ya mama aliyejifungua pacha. Baba yao yuko Bor, hupiga kila siku. Bado hajui."

"Basi, mkubwa, nipe ile yangu."

"Mimi ningekupa, bibi, sina ubaya. Lakini mwenye ufunguo amesafiri."

"Mpigie."

Kuach akaitoa simu yake, akabonyeza, akaweka kipaza sauti. Mama Hapatikani alikohoa kidogo, akageuka pembeni. "Samahani, mteja unayempigia hapatikani kwa sasa." Maneno yakatoka kinywani mwake na kwenye simu kwa pamoja.

Kuach aliitazama simu, akamtazama yeye. "Kumbe ni wewe," alisema. "Miezi yote hii."

"Samahani."

"Mkubwa wangu yuko wapi?"

"Simu yake iko Nairobi, ndani ya droo ya hoteli."

"Droo," Kuach akatikisa kichwa, kama mtu aliyepokea ripoti. Akamenya karanga moja, hakuila. "Na kijana wangu? Alipita hapa Juba akienda Wau. Tangu hapo namba yake unaijibu wewe tu."

Mama Hapatikani alinyoosha kidole kupitia nondo, kwenye simu nyeusi iliyolala chini ya nyekundu.

Kuach aliushika ukingo wa dirisha, akaujaribu, kisha akauachia. "Hata hivyo," alisema taratibu, "ufunguo sina." Akawamiminia karanga mkononi kila mmoja, na Majak pia, akawasindikiza hadi langoni.

Walishika njia ya kurudi. Kuiona simu na kuikosa kulikuwa kuzito kuliko kutoiona.

"Samahani," Mama Hapatikani alisema. "Kuna mtu hupiga namba yako kutoka Renk. Kila mara kwa simu tofauti."

Adhieu alisimama. "Mwanamke?"

"Simjui. Nikisema tu sama, hukata. Jana alinitukana kwanza."

"Alisemaje?"

Mama Hapatikani alirudia tusi lile kwa sauti yake nzuri. Lilikuwa tusi la foleni ya maji kule Kakuma, lenye punda ndani yake na shangazi ya mtu. Adhieu alicheka mpaka akakaa chini kando ya barabara, machozi yakimtiririka, Majak akicheka pia kwa sababu mgongo ulikuwa ukitikisika.

"Ndiye," alisema. "Ndiye huyo. Yuko hai na hana adabu hata kidogo!"

Alipomaliza kufuta macho, alikuwa ameshapata la kufanya. "Mama, dadangu akipiga, atakupata wewe. Basi mwambie yaliyo yangu."

"Samahani. Mimi nimepewa maneno machache tu."

"Nitakuongeza."

Jioni hiyo akaanza kumfundisha, huku akikanda unga. Maneno yalikuwa mepesi: Amou, usikate. Adhieu anakungoja. Piga kwa Scovia, halafu namba. Mama Hapatikani aliyashika mara moja, ila hakuweza kuyaanza bila samahani. Alijaribu kila namna. Samahani, Amou, usikate. Scovia, miguu yake kwenye cherehani, akawa mwalimu wa pili.

"Wee mama, toa hiyo samahani! Kwani umekosa nini?"

"Samahani. Sijui."

Mtu wa kwanza kupiga namba ya Adhieu alikuwa mwanakwaya wa kanisani aliyetaka mandazi ya harusi. Alisikia samahani, akakata. Mandazi yakaagizwa kwingine. Adhieu hakulalamika, lakini usiku alimlaza Majak akiwa na roho mkononi. Amou alikuwa mtu wa kukata. Tangu utotoni alikuwa hasubiri uji upoe, wala sala iishe. Na wenye simu za kuazima Renk wangemvumilia mpaka lini?

Mama Hapatikani aliendelea kuja kila alasiri, akakaa kwenye kiti kile kile. Adhieu aliacha kumfundisha, akawa anamsikiliza tu. Siku moja alimuuliza, "Mama, wewe hasa unawaomba msamaha wa nini?"

Mama Hapatikani alizungusha kikombe. "Mtu hupiga akimtaka mtu," alisema, "anakuta mimi."

"Sasa mimi nilipokukuta wewe, nimekosa nini? Nimepata mgeni. Majak amepata bibi. Kunywa chai, mama."

Akanywa. Kisha, kikombe kikiwa bado mdomoni, akageuza uso pembeni. Cherehani ya Scovia ikasimama. Midomo ya Mama Hapatikani ilijikunja kwa ile herufi ya kwanza, ikakaa hapo. Akaimeza, kama mtu anayemeza kidonge kikubwa.

"Amou, usikate," alisema. "Usikate, wewe mtoto! Adhieu anakungoja. Ana mtoto wa kiume, ana meno mawili. Piga kwa Scovia." Akaitaja namba, taratibu, mara mbili. Halafu, kwa kuwa lilikuwa neno lake mwenyewe na alilipenda, akaongeza, "Tafadhali."

Mafuta yalichemka. Simu ya Scovia ikaita juu ya kitambaa cha bluu.

"Ni nani huyo mama anayenigombeza?" Amou alipiga kelele kutoka Renk, na nyuma yake watu, mbuzi, na injini ya boti. "Kwanza mtoto wa nani ana meno? Adhieu! Ulizaa na hukuniambia?"

Adhieu alitaka kusema mengi, akaishia kulia na kucheka kwa pamoja, mandazi yakaungua. Scovia alimnyang'anya simu. "Dada yako iko hapa, iko inalia ya furaha. Wewe panda boti, kuja!"

Amou alifika boti ilipotia nanga Juba, amekonda, mdomo ukiwa ule ule. Alimwamkia Mama Hapatikani kwa heshima, akamwomba radhi kwa lile tusi. Mama Hapatikani alisema hapana neno, amekuwa akilitumia.

Habari zilienea. Mwalimu wa hesabu alikuja kuacha maneno kwa ajili ya mkewe. Mama wa pacha alikuja nao wote wawili, na alasiri hiyo hiyo mtu mmoja aliyekuwa Bor alisikia kwamba ni wasichana. Adhieu aliongeza benchi, Amou akapewa kazi ya kumimina chai. Lemi alifungua duka upya, na simu ziliingia zikiwa zimezimwa, kwa sababu mafuta ya jenereta ni yale yale.

Siku moja afisa Kuach alikuja bila sare, akasubiri zamu yake kwenye benchi. Kijana wake hakuijua namba ya baba kichwani, lakini ya kwake aliijua, na mtu aliyepotelewa na simu huipigia. Kuach alimwambia Mama Hapatikani maneno yake, mafupi, akarekebisha mawili, akapewa chai.

"Ufunguo je, afande?" Scovia aliuliza.

"Bado uko safarini." Alipuliza chai yake. "Leo asubuhi wameleta gunia lingine."

Scovia alikanyaga cherehani. Amou akamwongezea Kuach sukari bila kuulizwa. Mama Hapatikani naye alipuliza chake, na mjini kote, waliokuwa wakipiga simu zilizozimwa walisikia pumzi ile, na hawakukata.