Kanga Iliyokataa Kunijua

Usiku wa jana niliota nimesimama nje ya kompyuta yangu mwenyewe, miguuni ndala za chooni, na mlango umefungwa kwa ndani.

Nieleze kwanza, maana ndoto haikunieleza. Mimi ni Mwanakombo binti Shehe wa Ngamiani, Tanga, mchoraji wa kanga. Kompyuta yangu ni ya zamani. Mwezi uliopita programu iliyokuja nayo iliniandikia kwa herufi kubwa kwamba mashine hii haifai tena, ninunue nyingine. Sasa mimi siambiwi na mgeni kilichozeeka ndani ya nyumba yangu. Nikaiondoa, nikaweka programu ya Linux, ambayo ni ya bure, undani wake uko wazi kwa kila mtu, na haina nyodo. Nikakosea, nikaiweka upya. Mashine ikawa nyepesi, nikawaringia majirani.

Mpaka nalala, limebaki tatizo moja. Kanga niliyomchorea mkwe wangu iko kwenye diski, na kila nikitaka kuimalizia naambiwa: ruhusa imekataliwa. Kiwanda kinapokea michoro mwisho leo saa sita mchana. Kanga hiyo ndiyo watakayovaa wanawake wote siku ya sherehe ya kumpokea Kokushubila, ambaye mwanangu Mbaraka amemwoa Bukoba na kumleta hapa juzi. Nikishindwa kuituma, mkwe wangu atapokewa kwa kanga za dukani, na Ngamiani watalinywea chai jambo hilo mpaka mwakani.

Lipo kundi la simu la watu wa Linux, linaitwa Baraza. Nimo humo wiki ya tatu, nasoma tu. Sijaandika hata neno. Sijazoea kugonga nyumba za watu kuomba chumvi.

Haya. Nimesimama nje ya kompyuta.

"Nenosiri," mlango unasema.

Nalitaja. Midomo inacheza, sauti haitoki. Nalitaja tena kwa nguvu mpaka mishipa ya shingo inasimama. Kimya.

"Nimekuwa bubu," nasema, na hilo linasikika vizuri kabisa.

"Hujawa bubu. Hapa nenosiri halisikiki, hata kwa mwenyewe. Wewe maliza, mimi nasikia."

"Na nikikosea nitajuaje?"

"Nitakunyima."

Nikamaliza. Mlango ukafunguka na kuniomba nifute miguu.

Ndani ni sebule yangu, ila kila kitu kimevuliwa kifuniko. Redio iko tumbo wazi. Saa ya ukutani imeacha meno yake nje, inazunguka bila haya.

"Shikamoo," friji likasema.

"Marahaba. Nani kakufungua hivi?"

"Sijawahi kufungwa. Ukitaka kunibadilisha, nibadilishe. Ila ukinipeleka kwa mwingine, mwambie na namna ulivyonibadilisha. Sharti ni hilo tu."

Nikaona ni friji lililolelewa. Ndani yake alikuwa amelala yule ndege wa nembo ya Linux, mnene, mweusi na mweupe. Sikumwamsha.

Nikatokea uani, na hapo nikaiona kanga yangu, imeanikwa kwenye kamba. Ilinipendeza mno. Katikati nimeichora buni kwa ajili ya kwao Koku, na nazi kwa ajili ya kwetu.

"Shuka twende, tumechelewa," nikaiambia.

"Wewe nani?" kanga ikauliza.

"Mwenyewe."

"Mwenyewe ni Mwanakombo wa kwanza. Wewe ni Mwanakombo wa pili, umekuja ulipoiweka mashine upya."

"Ni mimi yule yule. Nilikosea, nikarudia."

"Wote husema hivyo," kanga ikasema, ikanigeuzia mgongo.

Nikaivuta. Kamba ikavutika, ua ukavutika, nyumba ya jirani ikasogea mpaka nikasikia wanavyonisema, lakini kanga haikutoka.

"Halafu umeniacha mdomo mtupu," ikaendelea. "Hapa chini pa jina, penye msemo, hujaandika kitu. Ulitaka niseme nini siku hiyo ya mkwe?"

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

Upepo ukapita, kanga haikutikisika.

"Ni utani," nikasema. "Watu wacheke."

"Na yeye acheke saa ngapi?"

Nikamkumbuka Koku. Tangu aje amekaa ukingoni mwa kiti changu, mkoba mapajani, na kila nikimsemesha anasema "sawa, mama". Haulizi kitu. Nilidhani anaringa. Pale uani, mbele ya kitambaa nilichokichora mwenyewe, niliona nimemkosea.

Nilipogeuka, ua haupo. Ni jiko la shughuli. Masufuria yanachemka, na watu wengi wamekaa juu ya mbuzi za kukunia nazi, kila mtu na kifuu chake mkononi, wanakuna huku wanaulizana na kujibizana. Nikajua hili ndilo Baraza. Nataka kusogea, miguu inakataa. Naangalia chini, nimekuwa nguzo.

Mama mmoja akaja akatundika taulo begani kwangu.

"Nguzo hii ina wiki tatu hapa," akamwambia mwenzake. "Haijawahi hata kutikisika."

"Mimi si nguzo," nikasema.

Wakageuka wote. Bwana mmoja mwembamba, mwenye kofia ya kiua, akaacha kukuna. Alisema anaitwa Ngwali, wa Wete, na ndiye msimamizi wa Baraza.

"Kumbe mtu," akasema. "Tuwie radhi, dada. Asiyesema, sisi tunamtundikia taulo. Karibu."

Nikaanza na salamu, maana nimelelewa. Nikamwamkia wa kwanza, wa pili, wa tatu, na jiko likawa linarefuka kadiri ninavyosalimia. Nikasalimia watu wa Mtwara, wa Eldoreti, wa Goma, na mmoja aliyekuwa ndani ya meli. Wote wakaitikia, wote wakaniuliza habari za nyumbani, na hakuna aliyechoka. Salamu zilipokwisha nazi zilikuwa zimeota miche.

"Samahani," nikasema, "naweza kuuliza swali?"

"Unaweza," akasema Ngwali.

Wakanyamaza kuningoja, nami nikanyamaza kuwangoja. Sufuria moja ikafurika.

"Basi hilo ni la kwanza," Ngwali akasema. "Hapa mgeni ana maswali mawili. La tatu anapewa jembe."

"Lakini lile halikuwa swali, lilikuwa adabu."

"Lilikuwa na alama ya kuuliza mwishoni. Tumeiona ikipita."

Limebaki moja. Jasho linanitoka, na nguzo ikitoka jasho watu huanza kutazama paa. Nitaficha nini, niliona aibu. Umri wangu huu, mwanamke ambaye kanga zake zimezunguka pwani yote, nikaulize namna ya kufungua kilicho changu? Lakini saa sita haimngoji mtu. Nikafumba macho, nikauliza kwa nini kanga yangu mwenyewe inanikana. Nikasubiri kicheko.

Hakikuja.

"Mashine ilikwambia nini, neno kwa neno?" Ngwali akauliza.

"Ruhusa imekataliwa."

"Ahaa," akasema, na jiko zima likasema ahaa, kwa sauti ya watu ambao yamewahi kuwakuta.

Akaniambia kanga haijanitupa. Nilipoiweka mashine upya nilirudi na jina lile lile, lakini nikapewa namba mpya, na kanga haisomi majina, inasoma namba. Iambiwe tu kwamba mwenyewe sasa ni huyu. Akachukua kifuu, akaniandikia kwa kisu maneno ya kusema. Yalianza na sudo chown.

"La mbele ni kusema kwa idhini ya mwenye nyumba," akasema. "La pili ni kumilikisha. Lakini usilitamke kabla hujalielewa. Mimi mtu wa Wete, hunijui, naweza nikakubomolea nyumba. Hebu nieleze wewe sasa."

Nikamweleza. Nikakosea, akanirudisha mwanzo bila kuguna. Nikaeleza tena na watu wakaacha kukuna ili wasikilize. Mara ya tatu nikaelewa, nikayatamka.

Kanga ikaja yenyewe, ikanikalia begani. Taulo likaanguka. Miguu ikatoka ardhini, vidole vyote vipo. Nililia kidogo kwa furaha, na sioni haya kusema.

Cha ajabu, Ngwali naye alikuwa analia. Akatoa kijisanduku kilichokuwa chini ya mbuzi yake.

"Humu mna picha za harusi yangu," akasema. "Sanduku limenikataa tangu nilipohama mashine. Mke wangu kila sikukuu ananiuliza. Mimi ndiye msimamizi, ningemuuliza nani?"

Akaliambia sanduku maneno yale yale ya kwenye kifuu. Likafunguka, na harusi yote ikatoka, na matarumbeta, ikapita katikati ya masufuria.

"Umeniponya, dada," akasema.

"Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Jibu nilikuwa nalo. Sikuwa na wa kuuliza swali."

Nikaona sina budi kulipa wema. "Sasa jamani, mimi nifanye nini kwa ajili yenu?"

"La tatu!" wakasema wote, wakanikabidhi jembe.

Lilikuwa jembe kweli, zito, na mpini wake mpya umechongwa jina langu. Nikawaambia mimi ni mchoraji, shamba silijui.

"Maana yake umekwisha kuwa mwenyeji," Ngwali akasema. "Anayekuja sasa ni wako."

Hapo hapo ikasikika hodi ndogo sana. Namwangalia anayebisha: ni Koku, mkwe wangu, amesimama kizingitini na mkoba wake. Miguu yake tayari imeanza kuwa nguzo. Begani ana taulo.

"Mama, samahani," anasema. "Naweza kuuliza swali?"

Jiko zima linaniangalia. Ngwali ameinua kidole ili ahesabu.

"Shusha kidole hicho," nikamwambia. "Hilo halihesabiwi. Uliza, mwanangu. Uliza mpaka uchoke."

"Chumvi mnaweka wapi?"

Nikaegemeza jembe ukutani nimshike mkono nimwonyeshe. Kanga begani kwangu ikakohoa, kama mtu anayetaka kusema mbele za watu, na mimi nikaamka.

Nilikuwa mezani, shavu juu ya vitufe, jua limekwisha kuingia dirishani. Kwenye kioo kanga yangu ilikuwa wazi, buni na nazi zote ziko mahali pake. Na chini, pale pa jina, palikuwa pameandikwa: MGENI NJOO MWENYEJI APONE.

Sikumbuki kuandika. Sikubadilisha hata herufi. Nikaituma kiwandani kabla sijanawa uso. Kisha nikafungua simu, nikaingia kwenye Baraza, nikaandika kwa mara ya kwanza: hodi. Niliandika hivyo tu, na karibu za watu zikaanza kuingia, simu ikawa inatembea yenyewe mezani.

Nikasikia hatua. Koku alikuwa mlangoni, mwiko mkononi, na jikoni kunanukia uji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani, mama. Naweza kuuliza swali?"

"Kopo la bluu," nikamwambia, "nyuma ya majani ya chai."

Akanitazama, kisha akacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia kicheko chake, na ni kikubwa, sikukitegemea.

"Chumvi nimeshaiona, mama, nimetafuta mwenyewe. Nilitaka kuuliza hili ni la nani. Nimeamka nalo begani."

Akaninyooshea taulo. Si la nyumba hii, yangu nayajua yote.

"Ni letu," nikasema.

Nikalipokea, nikalikung'uta ili nilitundike msumarini. Machicha ya nazi yakadondoka sakafuni, bado mabichi.